Mbwa Asiyeshtuka

"Ukianguka humo ndani, jirani, nani atajua?"

Swali hilo aliniuliza mama wa nyumba ya pili, tunayemwita Mama Funguo kwa sababu mtaa mzima humwachia funguo ukisafiri. Alikuwa anaanika nguo, wala hakuwa na nia mbaya. Bahati yangu, mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Mwanangu ni fundi wa lifti. Kwake yeye kitu hakiaminiwi mpaka kipimwe. Akataka nihamie kwake, ghorofa ya saba. Nikamwambia nyumba hii ya vyumba viwili marehemu baba yake aliijenga kwa likizo zake zote, na mimi nitatoka humu nimebebwa. Tukavutana mwezi mzima, ndipo akalegea.

"Haya, mama. Tafuta mbwa mdogo wa kukaa naye ndani. Mtu akigonga nawe huwezi kuitika, yeye abweke mpaka Mama Funguo asikie. Nitakuja kumpima. Akishindwa, unafunga mizigo, na kwetu mbwa haruhusiwi."

Nikaapa. Na mimi jina la Mungu silitaji bure.

Watu wakanishauri nichukue teria, vile vijibwa vifupi vya kufukuza panya, vyenye ndevu na midomo isiyofungwa. Nikaenda kwa mama mmoja mstaafu, aliyekuwa akitibu mifugo, anayevifuga. Akaniingiza jikoni kwake walimokuwa wanne.

"Kaa chini, mama. Mbwa hachaguliwi kwa kusimama."

Nikakaa sakafuni, na magoti yangu haya. Watatu wakanivamia, wakanivuta kitambaa, wakabweka utadhani wamemkamata mwizi. Wa nne, mweupe mwili mzima ila doa moja la kahawia mgongoni, akaja taratibu akakaa juu ya mguu wangu. Simu ikaita, mwenye nyumba akatoka kuipokea. Wale watatu katika kukimbizana wakaangusha mfuniko wa sufuria. Ulizunguka sakafuni kwa kelele mpaka mimi mwenyewe nikamtaja Mola. Wenzake wakatawanyika, mmoja akajikojolea. Yule mweupe hakupepesa hata jicho. Aliendelea kunilamba kidole.

Nilikuwa nimeomba siku tatu nipewe ishara. Nikasema, ndiyo hii. Moyo uliotulia.

"Huyo?" mwenye nyumba akauliza aliporudi. "Chukua yule mpiga kelele, mama. Teria si mbwa wa kutulia. Ukimwona ametulia, jiulize ana nini."

"Kelele ninazo za kutosha kwa jirani yangu," nikamjibu, tukacheka.

Wiki ya kwanza nilimwita, hakuja. Nikasema ni utoto. Wiki ya pili nikasimama nyuma yake nikapiga makofi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anatazama mchwa ukutani, akaendelea kuwatazama. Nikakaa kitandani, nikavaa miwani, sijui nilitaka kuona nini. Kumbe siku ile ya mfuniko hakuwa jasiri. Hakusikia.

Nikampigia simu yule mama. Akashangaa, akaomba radhi, akasema nimlete anibadilishie.

"Na huyu utampeleka wapi?"

"Mama, mbwa kiziwi nani atamchukua?"

Nikamwambia asante, nikakata. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala juu ya ndara zangu. Alikuwa ameshajifunza kwamba nikigonga sakafu kwa kisigino mara mbili, namwita, na alikuja mbio mkia ukimtangulia. Nilikesha nikiomba. Safari hii sikuomba ishara.

Baada ya wiki tatu, Jumamosi, mwanangu akaja, saa yake mkononi.

"Lala chini hapo kati ya chumba, mama, kama umeanguka. Mimi nagonga. Usiitike."

"Mwanangu, kuna jambo nataka nikwambie."

"Tupime kwanza. Lifti ikikatika kamba haitoi maelezo."

Nikalala. Saruji ilikuwa baridi. Mbwa akaja, akaninusa uso, akazunguka mara mbili, akajikunja kwapani mwangu akasinzia. Mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, kwa ngumi sasa. "Mama!" Sauti ya mwanangu ilibadilika, ikawa kama ya utotoni alipopotea sokoni, nami kiapo changu kilinifunga nisiitike. Mbwa alikoroma.

Mlango ulipofunguliwa na miguu ikatikisa sakafu, ndipo akainua kichwa. Akamwona mwanangu, akamchezea mkia.

"Hasikii," nikasema nikiwa pale pale chini.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki tatu."

Mama Funguo, aliyeletwa na kelele za ngumi, alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. "Mimi siku ile niliuliza tu, jamani," akasema.

Mwanangu akaninyanyua, akanikalisha kitandani, akanipangusa vumbi begani. "Mama, pale kwetu hawaruhusu mbwa. Hilo nilikwambia."

"Uliniambia."

Sanduku lilikuwa nyuma ya mlango, nimelifunga tangu jana yake, maana kiapo nilikula mwenyewe. Akaliona. Akalitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikagonga kisigino mara mbili, na mbwa akaja mbio akakaa juu ya mguu wangu.

"Na huyu je?" nikamuuliza.

Akainama, akashika sanduku, akatoka nalo kwenda garini. Kiapo ni kiapo: nikambeba mbwa, nikamwachia Mama Funguo pamoja na ufunguo wangu.