Nduru Niliyowafundisha Watoto

Mwalimu Naswa alikuja kwetu Luanda Kotieno, kando ya ziwa, muhula wa pili, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Alikuwa afundishe miezi mitatu huku akiangaliwa, halafu mkaguzi wa chuo atoke Kisumu kuja kumpa alama. Shule haikuwa na nyumba ya kumpa, kwa hivyo headmasta, Bwana Obiero, aliniomba nimpe chumba kwangu. Mimi ndiye mpishi wa shule, na ni mjane. Nafasi ninayo.

Alikuwa mtoto wa Bungoma, mpole, mwepesi wa kucheka. Walimu wenyewe walimrundikia kazi zote walizochoka nazo: mpira wa wasichana, skauti, na igizo la kupeleka mashindanoni Kisumu. "Wewe bado una nguvu," walimwambia, kisha ikifika saa kumi wanaenda zao.

Igizo alilitunga mwenyewe. Mvuvi anaingia ziwani bila jaketi la kuokolea, anazama, mke wake anapata habari. Watoto wetu wanalijua jambo hilo, lakini kila wakifika mahali pa kulia walicheka. Sheryl, msichana aliyeigiza mke, alilia kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Jioni moja Naswa alikaa jikoni kwangu akichambua maharagwe.

"Mama Becky, nionyeshe vile akina mama wa huku hupiga nduru mtu akifa."

"Ya nini?"

"Ya igizo. Kwetu tunalia tofauti. Majaji watajua ni uongo."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Mwalimu. Sisi tunaimba tu."

"Kidogo tu, Mama."

Ningeweza kukataa. Lakini tangu mume wangu, Baba Becky, azame, miaka tisa sasa, ile sauti ilikuwa imekaa hapa kifuani. Siku ya mazishi mchungaji wetu alinikataza, akasema Mkristo halii hivyo, nami nikatii. Wakwe zangu hawajanisamehe mpaka leo. Basi nikafunga mlango na dirisha, nikajifunika uso na leso, nikamwonyesha Naswa. Sikumwonyesha kidogo, na maneno yangu mwenyewe yalitoka.

Nilipomaliza, maharagwe yalikuwa yamemwagika chini naye analia. Mimi nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo ya maji, na wepesi ule ulinisumbua nilipopiga magoti kuomba. Sikujua niuombee nini.

Naswa aliwafundisha watoto, maneno na yote, wakifanyia mazoezi darasani madirisha yamefungwa. Sheryl akaacha kucheka.

Alhamisi moja darasa lile likachukuliwa kwa mtihani. Sheryl akaja jikoni kuomba sufuria kuukuu ya kuigizia.

"Leo tunafanyia ufuoni," akasema. "Madam anataka tuzoee kupaaza sauti."

Nilijua papo hapo. Huku kwetu mtu hapigi nduru ovyo, na ikipigwa kando ya maji kila mtu anajua ziwa limechukua mtu. Naswa hangejua, kwao hakuna ziwa. Nilisimama, mikono imejaa majivu ya kusugulia sufuria. Halafu nikafikiria: nikienda kumkataza, watu watauliza mpishi amejuaje kuna nduru igizoni, na kanisa litasikia. Nikakaa tena. Nikajiambia watafanya polepole.

Hawakufanya polepole. Watoto thelathini walipiga nduru kwa pamoja, na upepo ukaibeba mpaka kwenye mashua. Wanaume waliacha nyavu majini wakapiga kasia kurudi. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa wa omena walikimbia huku wakiita majina ya waume zao. Jirani yangu Sylvia, ambaye mume wake Dishon alikuwa ziwani tangu alfajiri, aliteleza kwenye mawe akavunjika mkono. Nilimkuta amekaa majini, anauliza, "Ni nani? Niambieni ni nani," na hakuna aliyekuwa na jina la kumwambia. Naswa alisimama katikati ya watoto, ameshika karatasi zake.

Nyavu nne zilipotea. Wazee wakasema nduru isiyo na maiti imeita maiti. Headmasta akaandika barua ya kwenda chuoni, akaita kikao cha wazazi Jumatatu ili wakubaliane nayo. Barua hiyo ingefika, Naswa angeondolewa na kurudia mwaka mzima, kama chuo kingekubali kumrudisha.

Jumapili alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Mama, kesho usiseme kitu. Wewe kazi yako ni hapa. Mimi nitarudi kwetu tu."

"Huo ni uongo, Mwalimu."

"Si uongo. Ni kunyamaza."

Mimi nimenyamaza miaka mingi, najua vile kunyamaza hufanana na wema.

Kwenye kikao nilipeleka chai kama kawaida. Ouma, mwenyekiti wa ufuo, alikuwa amesimama, na Naswa amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamebanwa.

"Mimi swali langu ni moja," Ouma alisema. "Ile haikuwa ya kuigiza. Nywele zilinisimama. Huyu nyar Bungoma, binti wa mbali, aliitoa wapi?"

"Nilisikia matangani," Naswa akasema.

"Matanga ya nani?"

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Labda kwa redio," na watu wakacheka kidogo.

Nikaweka birika chini. "Ni mimi nilimfundisha."

"Mama Becky, rudi jikoni," headmasta akasema.

"Nitarudi. Lakini ni mimi."

Ouma alinitazama, akatikisa kichwa. "Wewe? Wewe ambaye hukulia hata mzee wako? Tulikuwa hapo, Mama. Ulikaa kavu kama jiwe na kitabu chako cha nyimbo. Usijitoe kafara kwa sababu msichana anakulipa kodi."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa na ukweli nusu. Na sikuwa na ushahidi, ila kupiga nduru ile tena, na hilo singefanya tena katika maisha yangu.

Ndipo Sylvia akasema, mkono wake ukiwa kwenye plasta. "Watoto walikuwa wanaita maneno. Nilisikia nikikimbia. Walisema, ‘Ulienda na nyundo mfukoni, mlango wangu ukabaki bila bawaba.’"

Nikasema, "Baba Becky alikuwa arekebishe mlango akirudi. Alipotolewa majini, nyundo ilikuwa bado mfukoni."

Ouma alikaa. Alikaa taratibu kama mtu mwenye mgongo mbaya. "Nyundo ilikuwa yangu," akasema. "Alikuja kuiazima asubuhi hiyo."

Kisha Ouma akamwambia headmasta kwamba watu wa ufuo hawataki barua. Kosa si la mgeni, akasema. Mwenye kujua alikuwepo akanyamaza. Alisema hivyo bila kuniangalia. Igizo lisirudiwe, na vijana wa shule wasaidie kushona nyavu mpya.

Bwana Obiero alikunja barua akaitia mfukoni. Wazazi walipotoka, aliniambia niache funguo za stoo mezani mpaka kamati ya shule ikae. Niliziacha. Jioni hiyo mzee wa kanisa naye alituma ujumbe kwamba nisiongoze maombi ya akina mama kwa sasa. Sikumwuliza mpaka lini.

Nyumbani nilimkuta Naswa amepanga nguo zake kwenye begi, halafu anazitoa moja moja.

"Barua haiendi," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Mkaguzi atakuja, utapewa alama zako."

"Nilikuwa nimeshakubali, Mama." Hakuwa anapaaza sauti. "Nilikuwa niende nyumbani kesho asubuhi. Sasa nimebakisha wiki tano hapa. Kila siku nitapita mbele ya Sylvia. Watoto wananiuliza kama wameua mtu. Na wewe umefukuzwa kwa ajili yangu. Nani alikuomba?"

"Hakuna aliyeniomba."

"Basi."

Alikunja sketi ya kufundishia, akaikunjua, akaipiga pasi upya ingawa haikuwa na mkunjo. Nilitaka kumwambia kwamba kama ningekaa kimya, ningemwona akiondoka na begi lile, halafu ningekaa mezani na kuomba juu ya chakula. Singeweza tena. Lakini alikuwa amechoka, na maneno yangu yalikuwa yameshasumbua watu vya kutosha.

"Kesho una somo la kwanza?" nikauliza.

"Hesabu. Darasa la sita."

"Basi nitakuamsha saa kumi na moja."

Alichomoa pasi, akaitua kwenye sahani, akaanza kupanga vitabu vyake vya hesabu mezani.