Mshale wa Mkubwa

Nyumba kumi na nne zilikuwa zikingoja hukumu asubuhi ile, na aliyezijenga alikuwa ameketi nyuma ya kioo, kalamu mkononi.

Ofisini walimwita Bi Kabati. Jina alipewa kwa kejeli, kwa kuwa hakuna kabati ndani ya gemu ya kompyuta waliyokuwa wakiitengeneza ambalo hakulitilia kitu: barua, kifungo kilichokatika, karatasi ya mtu aliyesahau kununua chumvi. Gemu yenyewe ilimhusu tarishi mwenye barua moja isiyo na anwani, aliyeteremka katika mji mdogo kumtafuta aliyeandikiwa. Mji ulikuwa na nyumba kumi na nne, kila moja na mtu wake. Maneno yote ya watu hao aliyaandika yeye kwa miaka miwili, mpaka mama yake akaacha kumuuliza ataolewa lini, akaanza kumuuliza fundi cherehani wa nyumba ya kumi na moja anaendeleaje.

Fundi huyo ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Ukimbishia hodi kabla hujapita sokoni, utamkuta anapima kitambaa, hana hata habari nawe. Ukija baada ya soko, shati limekwisha, na atakuomba ulijaribu kwa sababu una mabega kama ya mtu fulani. Hatakuambia ni nani. Jirani anajua. Lakini ukianza kwa jirani, fundi hakufungulii mlango ng'o.

"Faida yake nini?" Mkubwa alimuuliza wiki iliyopita.

Mkubwa ndiye mwenye kampuni. Zamani aliuza magodoro, na mpaka leo aliamini kwamba gemu na godoro ni kitu kimoja: mtu akishafika dukani, kazi imekwisha.

"Faida yake ni kwamba akimaliza atataka kurudia," Bi Kabati alisema. "Atajua kuna kitu amekipita."

"Kurudia nimeshakupangia. Manyoya mia tatu."

"Manyoya?"

"Tunayatawanya mjini. Asiyeyaokota yote anarudi kuyaokota. Hiyo ndiyo sababu ya kurudia, mwanangu, siyo cherehani."

"Kwa hiyo tumwite tarishi, au mfagiaji wa banda la kuku?"

Mkubwa hakucheka. Akatoa hukumu: ataletwa mgeni ambaye hajawahi kuiona gemu, acheze mara moja, na nyumba ambayo mgeni hataibishia hodi itafutwa kesho yake. "Situnzi vyumba visivyo na wapangaji," akasema, akaenda zake.

Wageni sita walikuwa wamekwisha kuijaribu gemu ng'ambo ya kioo kile kabla. Bi Kabati alikuwa amejifunza kuwatazama bila kupumua, maana ukutani palibandikwa kanuni ya Mkubwa, herufi kubwa kama za msiba: MGENI AKICHEZA, MWENYE GEMU HAFUNGUI MDOMO. Iliandikwa siku Bi Kabati alipomwambia mgeni wa kwanza ageuke kushoto.

Halafu kulikuwa na mshale. Ulikuwa wa rangi ya dhahabu, ukielea barabarani kumwonyesha tarishi pa kwenda. Kila mgeni aliposimama hata nusu dakika kuchungulia dirisha la watu, Mkubwa alisema huyo amepotea, akaagiza mshale ukuzwe mara mbili. Mwenye kuukuza alikuwa Shemeji, mtaalamu wa kompyuta aliyemwoa binamu wa Bi Kabati, na ofisi nzima ikaazima jina hilo. Shemeji hakubishana na mtu. Aliandika "mara mbili", akaenda kunywa chai. Wageni sita, mara sita. Jana jioni Mkubwa akaagiza mara ya saba, kwa kujihami tu, na hakuna aliyefungua gemu kuangalia. Nani anakagua mshale?

Mgeni wa saba alikuwa kinyozi, bingwa wa kumaliza gemu siku ileile aliyoinunua. Siri yake ni kwamba alitazama kwanza video za waliomtangulia, akajua njia fupi. Alijisifu kwamba hajawahi kupotea ndani ya gemu yoyote, kama mtu anayejisifu kwamba hajawahi kutafuna. Yeye humeza tu.

"Hii haina video," alilalamika akiishika padi ya kuchezea. "Nitajuaje njia?"

"Kuna mshale," Mkubwa akamwambia.

"Basi nipeni dakika arobaini. Nina mteja nimemwacha kichwa nusu."

Wakamfungia chumbani, wao watatu wakabaki nyuma ya kioo, sauti yake ikiwajia kwa spika. Gemu ikafunguka. Tarishi akateremka kwenye lori. Na pale palipotakiwa kuwa na mshale, skrini ilikatwa na mhimili wa njano kutoka ukingo hadi ukingo. Mshale ulikuwa umekua hata ncha yake ikatoka nje ya mji, ikawaonyesha njia watu wa gemu nyingine.

Kinyozi akageuka kulia: njano. Akageuka kushoto: njano.

"Hii nini? Ukuta? Jua?"

Mkubwa akainuka. "Mwambieni huo ndio mshale."

Shemeji akainua kikombe chake cha chai. Mkubwa akanyoosha mkono kwenye maikrofoni, na Bi Kabati akaielekeza ncha ya kalamu yake ukutani.

"Kanuni, Mkubwa."

"Kanuni nimeitunga mimi."

"Ndiyo maana imeandikwa kubwa."

"Sheria msumeno, Mkubwa," Shemeji akasema ndani ya kikombe chake. "Hukata mbele na nyuma."

Mkubwa akaketi. Bi Kabati hakufurahi bado. Kinyozi alikuwa ameweka padi chini na kuutazama mlango. Akitoka, hakuna nyumba hata moja itakayopona. Na ile kanuni ilimfunga yeye pia.

Kinyozi akasonya, akaishika tena padi. Tarishi akatembea akiwa ameinamisha kichwa ili kuikwepa njano, kama mtu aliyedondosha ufunguo, akagonga mlango wa kwanza aliokutana nao. Mtu akachungulia: "Kama ni habari mbaya, mpelekee jirani. Yeye anazipenda."

Kinyozi akacheka kwa pua. Akaenda kwa jirani ahakikishe. Jirani kweli alizipenda, na alikuwa na zake. Kinyozi akafungua kabati. Akafungua jingine.

Dakika arobaini zikapita. Simu ikalia kutoka saluni kwake. "Mwambie avae kofia," kinyozi akajibu, akaizima.

Kwenye nyumba ya kumi na moja alibisha mara saba. "Mbona huyu hafungui?" akanung'unika. "Jirani kanichongea nini?" Mwisho, alipotambua barua ni ya fundi huyohuyo, hakuwa na la kufanya ila kuisukuma chini ya mlango. Gemu ikaisha. Hakuwa amemwona hata uso.

Kinyozi hakuiweka padi chini. Kisha spika ikasema, "Jamani, naanza upya. Nataka nijue ningepita sokoni kwanza ingekuwaje."

Bi Kabati akahesabu karatasini. Nyumba zote kumi na nne zimebishiwa hodi.

"Mmeona?" Mkubwa akasema, akijipangusa jasho. "Watu hawataki mshale. Gemu itoke bila mshale. Anayeutaka tutamuuzia mbali, kwa bei yake." Akamgeukia Bi Kabati kwa huruma ya ushindi. "Uandishi ni kazi, mwanangu, lakini biashara ni kuona mbali. Unadhani nilikuwa naukuza bure?"

Shemeji akasongwa na chai.

"Na manyoya?" Bi Kabati akauliza.

"Manyoya yapo palepale."

"Sawa, Mkubwa."

Kwenye spika kinyozi alikuwa akinong'ona: "Kumbe yupo. Anapima kitambaa, hata hanitazami." Bi Kabati akavuta kiti karibu na kioo, akafungua ukurasa mpya, akaandika: Nyumba ya kumi na tano. Muuza magodoro. Magodoro yake yanavuja manyoya kila kona ya mji, naye hufuata nyuma akieleza kwamba alikusudia.