Risasi Isiyolia

Fundi cherehani aliyeomba kazi ya ulinzi alikuwa wiki ya tatu kwenye uwanja wa shabaha, na risasi zake zote bado zilichimba udongo chini ya karatasi.

"Bastola hii imepinda," alinung'unika.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alijibu mwalimu wake, mwanajeshi mstaafu asiye na haraka. Akampa kisogo, akaijaza bastola, akamrudishia.

Risasi mbili zililia. Ya tatu ilikuwa bandia, haikulia, lakini mtutu uliinama kama mbuzi aliyeona majani. Wote wawili waliuona.

"Unaogopa kishindo kabla hakijaja, dada."

Fundi aliinua bastola tena. Alikumbuka anavyotunga uzi kwenye sindano: pumzi taratibu, mkono bila papara. Akavuta triga vivyo hivyo, na tundu likatokea katikati ya duara.

"Zamu yako, mwalimu," alisema. Naye akampa kisogo, akajaza.

Mwalimu alilenga kwa madaha, akavuta. Kimya. Mtutu uliinama.

Mwalimu alikohoa, akaigeuzageuza bastola mkononi.

"Kweli," alisema, "hii imepinda."