Depo ya Maman Séraphine

Siku ya défense, ya kutetea kazi yake ya kumaliza chuo, Hervé alivaa koti la mjomba wake akawaonyesha jury programu yake ya kusimamia akiba ya mbegu. Alibonyeza kitufe cha kijani, jedwali likatokea. Akabonyeza kingine, magunia ya zamani yakawa mekundu na mapya yakabaki meupe. Jury iliridhika. Nyuma ya vitufe hivyo hapakuwa na kitu: jedwali lilikuwa picha tu, na magunia yalikuwa ya kubuni. Programu ilitengenezwa iishi muda wa défense, basi, kama zilivyo nyingi katika idara ya informatique de gestion, na kompyuta yenyewe ilikuwa ya kuazima. Alipata distinction, alama za juu. Dada zake walimpongeza kwa kummwagia poda kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe, na jioni hiyo mwenye kompyuta akafuta kila kitu ili apate nafasi ya filamu zake.

Jumatatu Hervé alirudi kuleta nakala za kazi yake zilizojalidiwa. Depo ya Maman Séraphine, lile duka la mbegu, ilikuwa ndani ya korido ya kitivo, kati ya mlango wa sekretari na choo. Ilikuja yote kutoka kijijini Nyangezi: kuta za mbao, bati lenye kutu lililogusa dari, magunia ya mbegu za maharagwe, mzani, benchi. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi akichambua maharagwe. Sekretari alimwomba tu asogeze mzani kidogo, kwa kuwa mlango wake haukufunguka vizuri.

Huyu ndiye mama aliyempokea Hervé wakati wa utafiti. Alimpa kiti, akamlisha foufou na mboga ya sombe, akamweleza tatizo lake bila kuficha: mbegu za msimu uliopita zinachanganyika na mpya, watu wanapanda, hazioti, na nyumba nzima inalala njaa. Hervé alimwahidi kwamba programu itamwonyesha kila gunia la zamani. Ndiyo maana mama alikubali kujibu maswali yake yote.

— Mutoto wangu, pongezi. Tulisikia ulipita muzuri.

— Aksanti, maman.

— Basi ile programme iko wapi? Batu iko karibu ya kupanda.

— Iko inaisha, maman. Inabakia kidogo tu.

— Sawa. Niko nangojea hapa.

Hervé aliona aibu. Aliiona masikioni, yakawaka moto, na tumboni pia, pale foufou ya mama huyu ilipokaa. Aliingia kwa Profesa Adalbert, aliyemwongoza katika kazi yake, akamwuliza afanye nini. Profesa hakuinua kichwa. Alimwonyesha kwa kalamu pembe ya ofisi, nyuma ya kabati. Palikuwa na pharmacie, duka dogo la dawa la kijiji cha Miti, na mzee mmoja mwenye koti jeupe la mfamasia alikuwa amesinzia kwenye kaunta.

— Ile iko yangu, Profesa alisema. Iko humu tangu nilikuwa étudiant. Utazoea.

Tuseme ukweli, kazi yenyewe haikuwa kubwa. Jedwali moja la kweli na tarehe ya kila gunia vingetosha. Hervé alifungua kompyuta ya dada yake, akakaa mbele yake, akagundua kwamba hajui aanzie wapi, kwa sababu hata zile skrini alizinakili kutoka kwa mwenzake wa darasa lililotangulia. Akaifunga. Tangu hapo akawa anapanda kwa ngazi za nyuma, zile zinazonuka maji machafu.

Msimu ulianza. Watu wa Nyangezi walipanda magari mpaka Bukavu kununua mbegu kwenye korido, wakatembea kwa ncha za vidole ili wasisumbue madarasa. Baada ya wiki chache Papa Gracien, mmoja wa wakulima hao, alirudi na matope kwenye viatu.

— Haikuota, maman. Shamba yote.

— Nilikuuzisha ya zamani, papa, sikujua. Unisamehe. Hervé iko anatengeneza ile machine ya kutuonyesha.

— Haya. Ataikamilisha. Iko mutu wa masomo.

Hervé aliyasikia hayo akiwa upande wa pili wa ukuta, chaki mkononi. Kwa ile distinction walikuwa wamemfanya assistant, mwalimu msaidizi, na somo walilompa lilikuwa namna ya kusikiliza mahitaji ya mteja. Alisubiri sauti zinyamaze, kisha akaendelea kuandika ubaoni.

Mwaka uliofuata alipewa mwanafunzi wa kuongoza, Ornella, msichana mwenye bidii aliyekuwa akitafuta duka la kufanyia utafiti. Hervé alitazama meza yake, akamwambia kuna depo hapo nje. Hakuwa wa kwanza kufikiria hivyo. Kitivo kilikuwa kimeshaona faida yake, kwani hakuna tena aliyelazimika kusafiri. Maman Séraphine alimpa Ornella kiti, akamtafutia viazi vya kuchemsha, akamweleza tatizo lake bila kuficha. Ornella alimwahidi programu.

Naye alipata distinction. Jamaa zake walimmwagia poda papo hapo koridoni, ikaangukia magunia, ya zamani na mapya yakawa meupe sawasawa. Maman Séraphine alipiga makofi kuliko wote. Kisha akamwona Hervé mlangoni, akajisogeza mwisho wa benchi ili apate nafasi ya kukaa.

— Niko na cours, maman, Hervé alisema.

Horaire, ratiba ya masomo, ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya mzani, na siku hiyo hapakuwa na cours yoyote. Maman Séraphine aliitazama, akarudi katikati ya benchi.

— Sawa, monsieur l'assistant, alisema, akachukua kitambaa akaanza kupangusa magunia.