Nusukaputi ni ya Wanaolia

Daktari wa wodi ya wanawake alikuwa na jina lake la Kizungu, lakini hakuna aliyelihitaji. Wanawake walimwita Bado Kidogo, kwa sababu katika Kiswahili chote kinachosemwa toka Vanga hadi Pangani, maneno aliyojaliwa kuyashika ni hayo mawili. Akikuchoma sindano, bado kidogo. Akikushona, bado kidogo. Ameingiza chuma mahali ambapo hata mumeo hubisha hodi kwanza, jasho lako limelowesha kanga mpaka linachuruzika mezani, naye huinama na kutabasamu: "Bado kidogo, mama." Na kidogo hicho hakijapata kuisha upesi hata siku moja.

Mwatumu wa Kigombe alimjua vizuri. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza ilipoharibika, ni Bado Kidogo aliyemsafisha kizazi. Alimkwangua yu macho, kama mtu akwanguavyo ukoko wa wali chunguni, na Mwatumu hakutoa sauti. Aliuma upindo wa kanga mpaka meno yakakutana, akatazama dari. Alipomaliza, daktari alimpigapiga begani kama mtu asifiaye punda aliyepanda mlima na mzigo.

Kunyamaza huko hakukuwa kwa bahati. Mwatumu alikuwa mwari wa Bi Sabiha, na wari wa Bi Sabiha hawalii. Bi Sabiha ndiye somo aliyewafunda wasichana wa Kigombe walipovunja ungo, na fundisho lake la kwanza lilikuwa hili: mwanamke aliaye kwenye uchungu anamvua nguo somo wake hadharani. Wanawake walizaa mapacha, walizaa watoto waliotanguliza miguu, na mkwe aliyekaa chumba cha pili akadhani wamelala. Jina la Bi Sabiha, toka Kigombe hadi Muheza, lilisimama juu ya ukimya huo.

Sasa mimba ya pili nayo imetoka, damu imekataa kukatika, na Mwatumu yuko tena kwenye kitanda cha chuma, anangoja kuitwa. Kupitia dirishani aliona wapagazi wawili wakivuka ua na machela, wakielekea kwenye jengo la Wazungu lenye mapazia na maua. Juu ya machela alilala mke wa meneja wa shamba la mkonge, mdomo wazi, akikoroma kama trekta la bwanake.

"Bwana Dresa," Mwatumu akamwita Methusela, mganga msaidizi aliyekuwa akipita na beseni. "Yule memsahibu kafanywa nini?"

"Kasafishwa kizazi. Kama wewe utakavyosafishwa."

"Mbona kalala?"

"Kapewa nusukaputi. Unafunikwa kitambaa puani, kinadondoshewa dawa, unakwenda zako. Ukiamka yamekwisha."

"Ala! Na mimi nitafunikwa saa ngapi?"

Methusela akacheka mpaka beseni likalia. Alikuwa kijana wa Kishambaa, Mlutheri, soksi zimevutwa hadi magotini, na kila alilolisema daktari alilibeba kama sadaka ya Jumapili.

"Wewe? Dada, umesahau ulivyokuwa hodari? Daktari anakusifu mpaka leo. Amesema wanawake wa pwani Mungu hakuwawekea uchungu huko chini. Amewaona kwa macho yake, hawalii! Sasa dawa ya nini? Na mumeo nimemwuliza langoni kama upewe dawa, kama sheria inavyotaka."

"Kasemaje?"

"Kajibu, 'Mke wangu si mwoga.'"

Mumewe Uweso huyo! Uweso aliyeng'olewa jino moja tu, akashikwa na wanaume wanne, na makelele yake yakawakimbiza mbuzi wa jirani. Alimchagulia mkewe maumivu kifua mbele, kisha akaenda zake Nguvumali kwa binamu yake kunywa kahawa.

Kwenye kitanda cha pili alilala Ruthi, Mbena kutoka bara, mke wa mkata mkonge, aliyeletwa na tatizo lilelile. Aligeuza kichwa, akauliza polepole, "Dada, inauma sana?"

Mwatumu alitaka kumjibu kama alivyofundishwa, kwamba ni kitu kidogo. Lakini mwili ulikuwa umekwishaanza kukumbuka.

"Inauma," akasema. "Safari hii sitaiweza."

Kengele ya kuwaona wagonjwa ilikuwa haijapigwa, na wanawake wenye makapu ya chakula walikuwa wamejaa barazani wakingoja. Bi Sabiha hakungojea kengele. Mlinzi wa mlango alimtazama mara moja, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Nimekuletea uji. Unaingizwa leo?"

"Sasa hivi."

"Unakumbuka nilichokufunda?"

"Nakumbuka." Kisha Mwatumu akamweleza yote, la machela na la Mungu kutokuweka uchungu. Bi Sabiha alisikiliza hadi mwisho, akamwita Methusela kwa kidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu lirudie hilo la daktari wako."

Methusela akalirudia lote, kwa furaha, akaongeza na kwamba daktari huwasimulia wenzake klabuni mpaka wanashangaa.

"Na wari wangu wote waliopita hapa, amewakwangua hivyo?"

"Wote, bibi. Hakuna aliyelia hata mmoja!"

Alidhani anamsifu. Bi Sabiha alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango aliouchonga mwenyewe ndio uliomwingiza mwizi.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mimi ndiye nimekuwa nikimwekea akiba ya dawa."

"Somo," Mwatumu akasema, akimshika mkono. "Nipe ruhusa."

"Ya nini?"

"Nilie."

Si jambo dogo kumwomba mtu avunje nyumba aliyoijenga ujana wake wote. Bi Sabiha alivua buibui, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mto.

"Nilikufunda unyamaze ili asiyekuheshimu asijue uchungu wako unalala wapi. Sikukufunda unyamaze mwizi apate kuiba kwa raha. Lia, mwanangu. Lakini usinililie kilio cha mtoto aliyenyimwa ubwabwa. Lia msiba."

Mwatumu akavuta pumzi. Kilichotoka kilimshangaza mwenyewe. "Yoooweee! Mama wee! Nimekufaaa!" Kilibeba mimba ya kwanza na ya pili, na kile alichokimeza mwaka mzima pamoja na upindo wa kanga. Bi Sabiha akakidaka kwa chini. Ruthi, ambaye hata kilio cha pwani hakukijua, akakipandisha kwa Kibena.

Sasa, watu wa pwani wana desturi moja: kilio cha msiba hakiulizwi. Unakidaka kwanza, maiti utamjua baadaye. Wanawake wa barazani waliweka makapu chini, wakafunga kanga viunoni, wakapokea. Wauza machungwa ng'ambo ya barabara wakapokea. Mzee mmoja mwenye haraka ya thawabu akapanda baiskeli kwenda msikitini kuomba jeneza. Yupo na aliyekwishauliza bei ya sanda.

Bado Kidogo alikuja mbio, glavu mkono mmoja. Nyuma yake sista mkuu wa Kizungu, uso mwekundu, akipiga kelele kwamba memsahibu wa jengo la pili ameamka na anatapika, na bwana meneja amekwishapiga simu.

"Nani amekufa?" Methusela akatafsiri swali la daktari.

Bi Sabiha akanyanyua mkono. Kilio kikakatika kama uzi.

"Hajafa," akasema. "Tumetangulia tu. Mwambie bwana daktari: bado kidogo."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Daktari akafungua mdomo kutafuta Kiswahili kingine, asikipate. Mwatumu akavuta pumzi tena, taratibu, kifua kikipanda, macho yake yametulia usoni mwa daktari. Barazani nako zilisikika kanga zikikazwa upya.

Sista mkuu hakuwa na subira ya elimu ya uchungu. "Wape nusukaputi!" akafoka. "Yeyote anayelia apewe, wagonjwa wangu walale!"

Ndivyo mwanamke wa Kigombe alivyofunikwa kitambaa puani. Msije mkadhani kuna aliyemwonea huruma. Uchungu wake haukusikika; zilizosikika ni kelele zake, na hizo zilisikika kwa sababu zilimwamsha memsahibu. Mwatumu hakujali. Dawa ilinuka kama tunda lililooza. Alisikia "bado kidogo" ikianza, hakusikia mwisho wake.

Alipoamka, kulikuwa na kilio tena, kinene, cha kukata tamaa. Kando ya kitanda alipiga magoti Uweso, kamasi na machozi havijulikani kipi ni kipi. Alikuwa amekutana na jeneza njiani.

"Mke wangu wee! Wameniulia mke wangu!"

"Niko hai, mume wangu."

"Uko hai?" Akalia zaidi.

Methusela alisimama mlangoni, soksi moja imeshuka. "Bibi," akamnong'oneza Bi Sabiha, "na huyu naye tumpe nusukaputi?"

"Huyu si mwoga," Bi Sabiha akajibu. "Mwache."

Kisha akahamia kitanda cha pili, maana aliyekuwa akifuata kuitwa ni Ruthi, na kilio chake cha kwanza kilikuwa cha kubahatisha.

"Fungua mdomo, binti. Tusikie."

Ruthi akalia.

"Hapana. Hicho ni cha kukanyaga mwiba. Kwa hicho utakwanguliwa macho wazi. Mwatumu, mwonyeshe mwenzio."

"Nina kizunguzungu, somo."

"Mwonyeshe hivyohivyo."

Mwatumu akajiinua kwa kiwiko. Ukumbini viatu vya daktari vilikuwa vikikaribia.

"Anzia chini ya kitovu," akamwambia Ruthi. "Pale atakapokugusa. Haya, pamoja nami."