Wifi Mwenye Gubu Kwenye Blockchain

Mawifi mnawajua. Huyu wa kwetu, mwalimu wa kompyuta chuoni, mdomo wake haukuwa na breki. Lakini daktari alipomwambia mke wa kaka yake, msusi, aachane na dawa za nywele kama anataka kupumua, ni yeye aliyekuja na kompyuta kwapani na kumwambia, kaa hapa, nikufundishe kazi nyingine.

Msusi alikuwa na haraka zake. Amesikia blockchain, lile daftari la pamoja la kompyuta nyingi, ndiko kwenye kazi, basi anataka blockchain leo leo. Wifi akamkatalia katakata. Kwanza Python, lugha nyepesi, mistari yake inasomeka karibu kama maneno ya kawaida; kisha JavaScript; ndipo Solidity, ile ya kuandikia mikataba yenyewe, yaani programu zinazokaa ndani ya blockchain. Jioni meza ya chakula ikageuka darasa. Msusi akisahau nukta mbili mwisho wa mstari, wifi alimsema mpaka watoto wakamwonea huruma mama yao. Hata hivyo hakukosa kuja, na kosa likirudiwa alilieleza upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Ikapatikana nafasi ya majaribio katika kampuni ndogo inayohifadhi vyeti vya shule kwenye blockchain. Pale mgeni hupokewa hivi: anaandika mkataba wake wa kwanza, ndani yake anaweka shukrani kwa aliyemfikisha, kisha anauchapisha kwenye mtandao halisi. Ukishachapishwa, nakala zake zinakaa kwenye kompyuta za watu wasiojuana, na maneno yale hayafutiki tena. Msusi alitunga shukrani ya kupendeza. Ila kwenye mazoezi alikuwa ameweka maneno ya kujichekesha tu, na kwa kiherehere cha siku ile akachapisha yale ya mazoezi.

Aliyasoma kwenye skrini: "Wifi yangu ana gubu balaa, lakini ndiye aliyenishika mkono."

Mkuu wa kazi alicheka, akasema mkataba hauna kasoro, kazi ameipata. Kazi! Nani alikuwa anawaza kazi? Yeye alimwaza yule mama wa watu, aliyeacha jioni zake zote kwa ajili yake, leo anatukanwa mbele ya dunia nzima, milele. Angemficha, lakini wifi alishaagiza aletewe anwani ya mkataba, na kuusoma anajua kuliko yeye.

Nyumbani akaeleza yote akiwa bado amesimama, mkoba begani. Wifi akavaa miwani, akafungua, akasoma. Msusi akaona amsomee ile nzuri aliyokusudia, yenye "mwalimu wangu mpendwa" na "nuru ya maisha yangu". Wifi akakunja uso.

"Hiyo ungempa mtu yeyote," alisema. "Mimi nimefundisha watu wengi, wakishajua hata salamu hawaleti. Wewe umenitaja. Tena umenitaja kama nilivyo."

Msusi akaangua kilio, akasema asante, asante wifi yangu, Mungu akupe maisha marefu. Wifi naye macho yalikuwa yamelowa, ila akaanza kumgombeza palepale: mtu mzima mzima analia mbele ya watoto, na kesho ana kazi ya kwenda.