Swali Ambalo Weigesa Hakuulizwa

Nyamhanga alikuwa mkalimani asiyeongeza wala kupunguza, na alijisifia hilo kwa kila mwenye masikio. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kegonga, mtu wa kupiga kola pasi hata anapokwenda kununua chumvi. Ofisi ya maombi ya hifadhi ya wakimbizi mjini Migori ilimwita kila alipofika Mkuria asiyekimudu Kiswahili vizuri. Alitafsiri neno kwa neno, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomponza Weigesa.

Weigesa alivuka mpaka kutoka Tanzania na binti yake Priscilla, mtoto wa miaka kumi. Shemeji zake, binamu za marehemu mumewe, walikuwa wametangaza kwamba Desemba msichana atakeketwa, mama apende asipende. Priscilla akapokewa na masista wa mjini Migori wanaohifadhi wasichana wa namna hiyo. Mama alipanga chumba Kegonga, akawa anauza ndizi sokoni na kungoja Kenya iwakubali.

Siku ya mahojiano, afisa Gordon, kijana wa Nairobi mwenye adabu zake, aliuliza mumewe alikufa lini. Mwaka tisini na sita, akajibu Weigesa. Kurasa tatu mbele akaulizwa aliolewa lini. Elfu mbili na kumi na mbili. Gordon aliandika yote mawili bila kuinua kichwa, na Nyamhanga naye hakuona ajabu. Kwao Wakuria, mama aliyezika mwanawe wa pekee angali mchanga anaweza kumwolea marehemu huyo mke, ili watoto watakaozaliwa wachukue jina lake na nyumba isife. Nyanya yake Nyamhanga mwenyewe alifanya hivyo. Nani anakatiza mahojiano ya serikali kueleza kitu ambacho hata mtoto wa kwao anakijua?

Barua ilikuja baada ya miezi miwili, mistari saba mizima. Mwombaji anadai kuolewa na mtu aliyekuwa amekufa miaka kumi na sita kabla ya ndoa. Si mkweli. Ombi limekataliwa. Hakuna aliyejisumbua kumpigia simu na kumwuliza, mama, hii imekuwaje? Nyamhanga alimsomea barua hiyo pale pale kwenye ndizi zake, na Weigesa akamkodolea macho.

"Lakini mwalimu, si wewe ulikuwepo? Mbona hukuwaambia?"

Nyamhanga aliikunja barua, akamrudishia. Alirudi nyumbani masikio yakimwaka moto kwa aibu.

Masista walisikitika, lakini hawakuruhusiwa kumweka mtoto wa kigeni asiye na karatasi. Priscilla akarudishwa kwa mama yake, Kegonga, karibu kabisa na mpaka walioukimbia. Nyamhanga hakulala usingizi wa maana mpaka alipompata wakili Emmaculate, mama wa Homa Bay asiyezungukazunguka.

"Mzee, hatumwombi jaji aseme huyu mama ni mkimbizi. Hiyo si kazi yake," alimwambia. "Tunasema tu, kama waliona hizo tarehe hazishikani, wangemuuliza kwanza kabla ya kumwita mwongo. Wewe ndio uliona vile ilienda. Utaapa kwamba hakuulizwa. Na utasema pia ulinyamaza. Utaweza?"

"Nitasema, wakili."

Akasema, mbele ya jaji Homa Bay, kola yake imenyooka. Jaji aliamuru mama na mtoto wasirudishwe kwao mpaka kesi iishe. Upande wa pili uliomba muda wa kujibu, ukapewa. Ukaomba tena. Amri ile iliwazuia maafisa. Shemeji za Weigesa haikuwahusu.

Desemba, siku ya soko, Weigesa akiwa kwenye ndizi zake, wanaume wawili walikuja na pikipiki wakamchukua Priscilla chumbani. Alikeketwa kesho yake, ng'ambo ya mpaka. Damu haikukatika. Wakamzika huko huko, mama hayupo. Nyamhanga ndiye aliyeletewa habari, na ndiye aliyelazimika kuipeleka. Hakuna kazi ya kutafsiri iliyowahi kumshinda kama ile, na ilikuwa ya sentensi moja tu.

Wakili alitaka kuijulisha mahakama. Weigesa alikataa mwanawe asiandikwe tena kwenye karatasi ya mtu. Wakimuuliza, alisema, atajibu mwenyewe.

Hukumu ilisomwa Februari. Haifai kumwona mtu mwongo, alisema jaji, kwa jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulieleza. Uamuzi ukafutwa, ofisi ikaagizwa imsikilize upya. Emmaculate alikuwa ameshinda. Alimshika Weigesa mkono hadi nje ya lango, na hakuna aliyempongeza mwenzake.

Machi wakaketi tena kwenye meza ile ile. Safari hii Gordon aliuliza kwa upole kuhusu mume aliyekufa kabla ya harusi, na Nyamhanga akaeleza yote, na mfano wa nyanya yake akautia humo. Gordon alijaza ukurasa mzima.

"Kumbe ni hivyo tu?" alisema. "Si mngeniambia."

Nyamhanga alitamani ardhi immeze. Dakika tano. Maelezo yote yalikuwa yamechukua dakika tano.

"Watoto?" akauliza Gordon.

Weigesa alijibu kwa Kikuria, mikono imetulia mapajani. Nyamhanga akatafsiri kama alivyosikia.

"Mmoja. Priscilla. Ana miaka kumi na moja."

Gordon akainama kuandika. Nyamhanga alimtazama mama. Alikuwa ameulizwa ana watoto wangapi, naye amejibu. Mzee akanyoosha mkono, akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Mkubwa, usiandike bado. Muulize kama mtoto yuko hai."

Kalamu ikasimama. Gordon alimgeukia Weigesa, akauliza polepole, kwa Kiswahili.

Weigesa hakungoja atafsiriwe. Alianza kulia.